Na Simba Naye Atapanda Wapi?
Mambo ya kujua unapohama nchi pamoja na mnyama wa nyumbani



Umepata kuhama nchi? Kama hujapata, huenda umemwona jirani akihama. Vitanda vyafunguliwa, vyungu vyapangwa katika majani makavu visije vikavunjika, na mama ahesabu watoto mara mbili na mizigo mara tatu. Lori lasubiri barabarani. Hapo ndipo mtoto mdogo wa nyumba hiyo auliza swali ambalo hakuna mtu mzima aliyelifikiri: "Baba, na Simba naye atapanda wapi?"

Simba ni mbwa. Ameilinda nyumba hiyo miaka minne, na kila jioni huwangojea watoto njiani watokapo shule. Kwa wazee yeye ni mlinzi tu, lakini kwa watoto ni ndugu.

Tuseme nyumba hiyo ni ya Rombo, chini ya Kilimanjaro, na baba amepata kazi Taveta, nchi ya Kenya. Si mbali. Watu wa pande zote mbili waoana, wazikana, na wauziana ndizi na mahindi. Basi baba ajibu upesi kwa kuwa ana haraka: "Mtieni katika tenga, juu wekeni majani ya migomba. Ni mbwa tu. Nani atauliza?"

Msomaji, jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike habari hii. Maana yupo atakayeuliza, na tena ana haki ya kuuliza. Zaidi ya hayo, jibu lake laweza kuwa uhai au kifo cha mtoto asiyejulikana kwako, katika kijiji ambacho hujakifika bado.

MABWANA WAWILI MPAKANI

Watu wengi wadhani kwamba mpakani kuna kazi moja tu, kutoza ushuru. Sivyo. Ukifika na mnyama wakungoja mabwana wawili, na kila mmoja ana swali lake.

Wa kwanza ni Bwana Forodha. Yeye auliza: "Umebeba nini, cha thamani gani, na ni cha kutumia au cha kuuza?" Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina sheria moja ya forodha, iliyotungwa mwaka 2004. Sheria hiyo yamhurumia mtu anayehamisha makazi yake kwa kweli. Nguo zako, na vyombo vya nyumbani ulivyokuwa ukivitumia huko utokako, haviingii katika ushuru. Lakini bidhaa za biashara ni jambo jingine. Ukificha majora mapya ya vitenge ndani ya godoro la zamani, wewe si mhamiaji tena, umekuwa mfanya magendo.

Wa pili ni Bwana Mifugo, yaani mganga wa wanyama wa serikali. Yeye hana habari na bei. Auliza: "Mnyama huyu ni mzima? Nani amemwona? Karatasi yake iko wapi?" Huyu ndiye asiyejulikana sana na watu wetu, na ndiye anayewashangaza wengi. Mtu husema, "Mbwa wangu sikumnunua hata kwa shilingi moja, kwa nini nisumbuliwe?" Ndugu, Bwana Mifugo haulizi shilingi, aulizia ugonjwa.

Katika vituo vya pamoja kama Holili na Taveta, au Namanga, maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja, upande ule unaoingia. Basi husimami mara mbili. Lakini maswali ni yale yale.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sheria zote za wanyama mpakani zimo katika methali hiyo. Mgeni wa miguu minne naye akaribishwe, lakini aje ili mwenyeji apone, asije mwenyeji akaugua.

Wazee wa Kimaasai hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1880 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika upande wa Eritrea, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Hakuna aliyewazuia bandarini, wala aliyewapima. Katika miaka michache sotoka ilishuka kupitia nchi zetu mpaka ikafika kusini mwa bara hili mnamo mwaka 1896. Ng'ombe walikufa kwa makundi, nyati nao walikufa porini, na njaa ikafuata. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kuung'oa ugonjwa huo. Mwaka 2011 tu ndipo ilipotangazwa kwamba sotoka ya ng'ombe imekwisha duniani pote.

Ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, bado ipo. Ilithibitishwa Kenya na Uganda katika miaka ya 2006 na 2007, na Tanzania ya kaskazini mwaka 2008. Mbuzi hawakuona mstari wa mpaka. Walifuata malisho na minada, na ugonjwa ukawafuata.

KICHAA CHA MBWA

Kwa mbwa na paka, ugonjwa unaoogopwa kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Nao watoto mara nyingi hawasemi, maana waogopa kupigwa kwa kumchokoza mbwa.

Ukisha kuonyesha dalili, ugonjwa huu karibu hauna dawa. Lakini kabla ya dalili waweza kuzuiwa. Tarehe 6 Julai 1885 bwana Louis Pasteur wa Ufaransa alianza kumtibu Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, kwa chanjo aliyoitengeneza. Mtoto akapona. Tangu siku hiyo hakuna sababu ya mtu kufa kwa kuumwa na mbwa, ila kuchelewa, au kukosa dawa, au kutojua.

Basi shika hili, msomaji, hata kama huna mpango wa kuhama. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15 nzima. Usitie pilipili, wala majani, wala mafuta ya taa. Kisha mpeleke hospitali siku ile ile akachomwe sindano za kinga.

Jambo linalotatiza ni kwamba ugonjwa huu hujificha. Mara nyingi hukaa miezi miwili au mitatu toka siku ya kuumwa kabla ya kuonekana, na mara nyingine zaidi ya hapo. Mbwa aweza kuvuka mpaka leo akicheza na kutikisa mkia, na ndani yake amebeba mauti. Ndiyo sababu Bwana Mifugo hatosheki kumtazama Simba machoni. Ataka karatasi.

HABARI YA PEMBA

Usidhani haya ni mambo ya mbali. Kisiwani Pemba watu walijitahidi kuchanja mbwa kila mwaka, shehia kwa shehia. Mwezi Mei 2014 kichaa cha mbwa kikakoma kabisa kisiwani. Wenye mbwa wakapumzika, na chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, na wachunguzi waliofuatilia jambo hilo waligundua kwamba uliingia mara mbili.

Uliingiaje? Pemba yazungukwa na bahari pande zote, na mbwa hawezi kuogelea kutoka bara. Bila shaka mnyama alisafiri katika chombo pamoja na mwanadamu. Huenda mwenyewe hakuwa na nia mbaya. Alimpenda mbwa wake tu, akasema, "Nani atauliza?" Ikabidi kisiwa kizima kianze upya kuchanja, na watu wakae kwa hofu, mpaka Oktoba 2018 ugonjwa ulipong'oka tena.

Waingereza nao walifundishwa somo hilo hilo. Walikuwa wameumaliza ugonjwa huu katika nchi yao mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, ulirudi, na yaaminiwa uliletwa na mbwa waliofichwa na askari waliokuwa wakirudi kutoka vitani. Ikachukua mpaka mwaka 1922 kuumaliza tena. Kwa miaka mingi kila mbwa aliyeingia Uingereza alifungiwa karantini miezi 6. Mwaka 1969, huko Camberley, mbwa mmoja aliyeletwa kutoka Ujerumani alimaliza miezi yake 6, akatoka salama, na baada ya siku kama 10 akashikwa na kichaa. Waona jinsi ugonjwa huu ulivyo mjanja!

KAZI YA KUFANYA KABLA YA SAFARI

Haya, turudi kwa baba yetu wa Rombo. Afanye nini?

Kwanza, asingoje lori lifike. Mara tu ajuapo kwamba atahama, aende kwa Bwana Mifugo wa kata yake, amwambie nchi anayokwenda na wanyama alio nao. Masharti ya nchi hubadilika, na anayeyajua ni ofisa huyo, wala si dereva wa lori wala jirani aliyehama miaka kumi iliyopita.

Pili, Simba achanjwe. Mbwa huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, na hurudiwa kwa wakati anaoagiza mganga, kwa kawaida kila mwaka. Paka naye asisahauliwe. Kumbuka kwamba chanjo ya jana haifai kwa safari ya leo. Mwili wahitaji muda wa kujenga kinga, na nchi nyingi hutaka zipite siku 21 hadi 30 baada ya chanjo ya kwanza.

Tatu, apate kibali cha kuingiza mnyama, kitolewacho na wakuu wa mifugo wa nchi anayokwenda. Kibali huombwa kabla ya safari, hakiombwi mpakani huku injini ya lori yanguruma.

Nne, siku za safari zikikaribia, mganga wa serikali wa huku atokako ampime mnyama na kumwandikia cheti cha afya.

Tano, kila ada atakayolipa, adai risiti. "Mali bila daftari huisha bila habari," na mnyama bila karatasi naye huishia njiani. Karatasi zote ziwekwe katika bahasha moja, pamoja na hati za kusafiria, wala zisifungwe ndani ya sanduku lililo chini ya mizigo yote.

Safarini mbwa afungwe kamba imara, au akae katika kizimba chenye hewa, atosheke kusimama na kugeuka. Asishibishwe sana kabla ya kupanda gari, lakini maji apewe.

IKIWA SAFARI NI YA ULAYA AU MAREKANI

Siku hizi wako vijana wetu wanaofanya kazi au kusoma ng'ambo, na wengine huita jamaa zao huko. Wajue kwamba kumpeleka mbwa au paka Ulaya kutoka nchi zetu si kazi ya wiki moja. Mnyama hutiwa kwanza chini ya ngozi chipu ndogo, mithili ya punje ya mchele, yenye namba 15 za kumtambulisha. Kisha huchanjwa kichaa cha mbwa, naye awe ametimiza wiki 12. Zipitapo siku 30 hutolewa damu, nayo hupimwa katika maabara iliyokubaliwa na Ulaya ili ionekane kama kinga imeshika. Baada ya siku ile ya kutoa damu hungoja tena miezi mitatu. Kwa jumla ni miezi minne au zaidi. Uingereza, ambayo ilianza kuilegeza karantini yake ya miezi 6 mwaka 2000, nayo yafuata mpango wa namna hiyo hiyo kwa wanyama watokao kwetu.

Marekani nayo, tangu tarehe 1 Agosti 2024, imetaka kila mbwa anayeingia awe na umri wa miezi 6 au zaidi, na awe na chipu. Mbwa watokao nchi zenye kichaa cha mbwa, nasi tumo, waongezewa masharti mengine ya chanjo na vyeti.

KUKU, MBUZI NA KASUKU

Mama wa nyumba aweza kusema, "Mbwa nimeelewa. Lakini kuku wangu sita je? Ni mboga tu." Mama, kuku nao wana sheria yao, tena kali. Mwezi Januari 2017 Uganda ilitangaza mafua ya ndege kando ya Ziwa Victoria, na nchi jirani zikawa macho. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo huo, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa Tanzania kutoka Kenya kupitia Namanga bila kibali vilikamatwa, navyo vikateketezwa kwa moto. Watu wengi, huku na kule, walisikitika, na wengine walisema adhabu ilizidi. Lakini jambo moja halina ubishi, kwamba aliyepoteza mtaji wake siku ile angaliweza kuuokoa kwa kuuliza habari ya kibali mapema.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Kama kuku ni sita na mbuzi ni mmoja, mara nyingi yafaa kuwauza huku na kununua wengine huko. Mbuzi hana uchungu wa kuachana nawe kama mbwa. Ukitaka kumvusha, taka kibali na cheti kama tulivyokwisha kueleza.

Kasuku wa kijivu, yule ajuaye kusema, ana jambo lake peke yake. Kwa mapatano ya mataifa ya kulinda wanyama na mimea ya porini, biashara yake kati ya nchi na nchi imekatazwa tangu mwaka 2017. Hata akiwa ni wako wa kumpenda tu, hutamvusha bila vibali vya pekee. Kobe na wanyama wengine wa porini ni vivyo hivyo, tena kuwafuga tu bila ruhusa kwaweza kuwa kosa. Ukimvusha kwa siri utashitakiwa, naye atachukuliwa.

HATA WAKUBWA HUULIZWA

Mtu asiseme sheria hizi ni za kuwaonea maskini. Mwaka 2015 mchezaji sinema maarufu wa Marekani, Johnny Depp, na mkewe Amber Heard, waliingia Australia kwa ndege ya binafsi na vijibwa viwili, Pistol na Boo, bila kuvitaja. Mambo yakajulikana vijibwa vilipopelekwa kunyolewa manyoya, maana huko mbwa nao wana vinyozi wao, na picha zao zikaonekana na watu. Waziri wa kilimo, Barnaby Joyce, akatoa saa 50 tu, ama virudi kwao ama viuawe. Vikarudishwa kwa ndege. Mwaka uliofuata mama huyo alisimama mahakamani akakiri kwamba alijaza karatasi ya kuingilia nchi kwa uongo, naye akaachiliwa kwa sharti la kuwa na mwenendo mwema kwa mwezi mmoja.

Basi kama mwenye ndege yake mwenyewe aliulizwa habari ya mbwa, mwenye lori la kukodi atapitaje?

KAMA HAWEZI KWENDA

Yako pia majira ambapo haiwezekani. Fedha haitoshi, muda hautoshi, au nyumba ya huko ni chumba kimoja. Hapo usifanye kama wanavyofanya wengine, kuondoka alfajiri na kumwacha mbwa amefungwa, au kumfungulia njiani ajitafutie. Mbwa asiye na mwenyewe hazunguki peke yake muda mrefu. Hujiunga na wengine, hawachanjwi, na siku moja wataingia katika uwanja wa shule.

Mtafutie mwenyewe mpya kabla hujaondoka. Mchanje kwanza, kisha mkabidhi pamoja na cheti chake. Waache watoto wampeleke wao wenyewe kwa jirani huyo, wamwonyeshe pa kulala, wamwage. Watalia, naam. Lakini watakuwa wamejifunza kwamba kiumbe uliyemfuga hatupwi kama kibuyu kilichopasuka.

Na baba yetu wa Rombo? Tuseme amesoma habari hii kwa wakati. Ameiahirisha safari ya Simba, si ya nyumba nzima. Mama na watoto wametangulia na lori. Simba amebaki kwa babu, amechanjwa, kibali kimeombwa. Wiki chache baadaye baba arudi kumchukua. Wafika Taveta, mbwa amefungwa kamba, bahasha mkononi. Bwana Mifugo asoma, atazama, apiga muhuri. Jioni ile watoto watokapo shule mpya, katika njia wasiyoizoea, wamkuta mtu wanayemjua amekaa akiwangojea, mkia ukipiga vumbi.

Majani ya migomba yasingaliweza kumfikisha hapo bila hofu. Karatasi tatu zimeweza. Nawe msomaji, hata kama huhami, mwulize Bwana Mifugo wako wiki hii lini mbwa wa kijiji watachanjwa. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya dunia ya kupigana na kichaa cha mbwa, na mahali pengi chanjo hutolewa kwa wingi siku hizo. Mpeleke Simba wako, na mkumbushe jirani ampeleke wake.